Sukkot na Thanksgiving zimegongana nyumbani kwangu, mtoto kaniuliza swali nimekosa jibu

#1 MamaWawili
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Thornhill, juu kidogo ya Toronto. Mume wangu ni Myahudi, mimi mtu wa Muheza, nimelelewa Anglikana. Tuna watoto wawili, wa kiume miaka sita, wa kike miaka mitatu. Tangu vuli ianze nyumba hii haijapumua. Tarehe 22 Septemba jioni tumeingiza mwaka mpya wao, tufaha linachovywa kwenye asali. Tarehe 30 shule nzima imevaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa wenyeji waliopelekwa shule za bweni kwa nguvu. Kesho yake jioni mume na baba mkwe wakaanza kufunga Yom Kippur, saa ishirini na tano, hata maji hayapiti. Tarehe 6 jioni tukahamia kibandani, Sukkot, yaani Sikukuu ya Vibanda, siku saba. Na kesho Jumatatu ni Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Canada. Ninavyoandika, batamzinga yuko kwenye sinki anayeyuka barafu.

Jana mwanangu kaja na mchoro wake: kibanda, ndani yake batamzinga amekaa kwenye kiti, kofia ndogo ya Kiyahudi kichwani. Akaniuliza, "Mama, Thanksgiving ni Sukkot ya watu wasio na kibanda?" Nimecheka, halafu nikagundua sina la kumjibu. Wanaojua naomba mnisaidie. Hizi sikukuu ni ndugu au zimepishana tu njiani? Na mbona mwaka jana hazikukutana?

#2 KaskaziNaKusi
Mtoto huyo apelekwe chuo kikuu moja kwa moja, shule ya msingi mnampotezea muda. Naweka kigoda hapa.

#3 MzeeWaHoja
Dada, mwanao kapatia. Thanksgiving ni Sukkot iliyobadilishwa jina. Wale Waingereza wa Plymouth, Marekani, walioifanya mwaka 1621 walikuwa watu wa Biblia kuliko maaskofu wenu. Walijiona ni wana wa Israeli wamevuka bahari. Wamevuna mara ya kwanza, wakafungua Mambo ya Walawi 23, wakafanya kama ilivyoandikwa. Mnafichwa mambo.

#4 Mwalimu254
@MzeeWaHoja punguza mwendo. Karamu ya 1621 tunaijua kwa kiasi kikubwa kupitia barua ya Edward Winslow, aliyekuwepo. Anasema walikaa siku tatu wakila na kufurahi, mfalme Massasoit wa Wawampanoag, wenyeji wa pale, akaja na watu kama tisini, nao wakaleta kulungu watano. Hakuna neno kuhusu kibanda wala Walawi. Na Sukkot ni siku saba. Waingereza kwao walikuwa na sherehe za mavuno tangu zamani, hawakuhitaji kuazima ya mtu.

#5 MchungajiMdogo
Bwana asifiwe. Tusisahau kwamba Sikukuu ya Vibanda ina sababu mbili ndani ya Biblia yenyewe. Kutoka 23:16 inaitaja kama sikukuu ya kukusanya mazao, mwisho wa mwaka wa shamba. Walawi 23 inasema wakae vibandani ili vizazi vikumbuke kutoka Misri. Kwa hiyo hata hiyo peke yake tayari ni sikukuu mbili zilizogongana! Wakati wa Nehemia walikata matawi wakajenga juu ya mapaa na nyuani mwao.

#6 FundiBomba
Mnazunguka sana. Kule kaskazini mahindi na maboga yanaiva Septemba na Oktoba, baridi inakuja, ghala limejaa, watu wanakula. Myahudi anakula, Mwingereza anakula, hata kindi anakula. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Nyote mmeiga tumbo.

#7 BintiMakunduchi
@MamaWawili la mwaka jana nalijibu mimi. Mwaka 2024 Thanksgiving yenu ilikuwa tarehe 14 Oktoba, Sukkot ikaanza jioni ya tarehe 16, mkapishana kwa siku mbili. Mwaka huu Sukkot imeanza tarehe 6 na kesho ndiyo siku yake ya saba.

Sababu ni hii: wao wanahesabu mwezi kama sisi Waislamu, ila hawauachi utembee. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, unapungukiwa na mwaka wa jua siku kumi na moja hivi. Sisi Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, inazunguka majira yote kwa miaka kama thelathini na mitatu. Wao Torati inawataka Pasaka iwe majira ya kuchipua, kwa hiyo kila miaka kumi na tisa wanaongeza mwezi mzima mara saba. Ndiyo maana Sukkot inacheza mbele na nyuma lakini haitoki kwenye majira hayo. Mwaka jana mwezi ulikuwa umeongezwa, ikasukumwa mbele.

Na msishangae kuona kila kitu kinaanza "jioni". Kwetu pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Ni hesabu ile ile.

#8 KaskaziNaKusi
Ngoja. Mwaka mpya wao umeingia Septemba, lakini Biblia inasema huo ni mwezi wa saba. Mwaka mpya unaanzaje mwezi wa saba?

#9 BintiMakunduchi
Wewe mtu wa bara unauliza hivyo. Mwaka wa Kiislamu unaanza Muharram, sivyo? Sasa muulize bibi yeyote wa Unguja Muharram ni mwezi wa ngapi. Atakwambia Mfunguo Nne, kwa sababu anahesabu tangu alipofungua Ramadhani. Watu wanaweza kuwa na vichwa viwili vya mwaka na wasipotee.

#10 MamaWawili
Asante sana da BintiMakunduchi, hili la Mfunguo nitamwambia baba mkwe, atalipenda.

Kwa kuwa mmegusa kibanda, acheni niwape kisa. Baba mkwe, watoto wanamwita Zaidy, ndiye fundi mkuu. Fremu ni ya mbao, kuta turubai, upande mmoja tumeegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Kazi ipo kwenye paa. Lazima liwe kitu kilichoota ardhini kikakatwa, kivuli kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane. Nikasema moyoni, hapa sasa ndipo kwangu. Bibi yangu Pangani alikuwa akishona makuti tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri.

Nikaenda ndani nikatoa mkeka wangu wa ukindu, ule niliokuja nao kwenye begi, nikasema tuutandaze juu. Zaidy akaupokea, akaugeuza upande huu na huu, akapapasa ukingo. Kisha akaniuliza swali sijawahi kuulizwa maishani: "Huu ulisukwa kwa kulalia au kwa kuezekea?" Nikamwambia kulalia. Akaukunja vizuri akanirudishia kwa mikono miwili. Wa kulalia haufai. Ungesukwa kwa nia ya kuezekea, ungefaa. Mkeka ule ule! Tukaenda kununua mabua ya mahindi, huku Oktoba yanauzwa mafungu kando ya barabara kama mapambo.

#11 BabuWaPangani
Mjukuu, mzee huyo ana akili za pwani. Kuti la kumba ni la ua, makuti ya viungo ni ya paa, mkeka ni wa mtu. Ukimwezekea mtu mkeka umemtukana.

Lakini hili la nyota limenishinda. Huku fundi akiezeka nyota zikaonekana, halipwi.

#12 FundiBomba
😂😂 Babu kafunga uzi.

#13 Talmidi_Arusha
Haujafungwa. Hilo swali la mkeka si la Zaidy peke yake, limo kwenye Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, mlango wa Sukka, sura ya kwanza kabisa. Mkeka wa kulalia unaweza kupata unajisi kama chombo kingine cha nyumbani, ndiyo maana hauezeki. Watu wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane.

#14 ShangaziMinnesota
Hamjambo wanangu. Mimi nimekuwa yaya kwenye familia ya Kiyahudi St. Louis Park miaka mingi. Marekani Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo haikutani na vibanda, ikikutana ni na Hanukkah, sikukuu yao nyingine ya siku nane. Ile ya mwaka 2013, tarehe 28 Novemba, ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Hanukkah. Watu wakaipa jina, Thanksgivukkah, maduka yakachanganyikiwa. Sisi jikoni tulikuwa na batamzinga tanuri la chini, viazi vya kukwaruza vinakaangwa juu, moshi umeita kengele ya moto mara mbili. Mtoto wa miaka minne akauliza kama batamzinga naye atapewa zawadi siku nane.

Hanukkah nayo imo kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, Yohana 10:22, Sikukuu ya Kutabaruku. Nilipowaonyesha walishangaa kweli.

#15 MzeeWaHoja
Nimerudi. @Mwalimu254 umetaja Winslow ukamruka William Bradford, gavana wao. Bradford alijifunza Kiebrania, maandishi yake ya mazoezi yapo mpaka leo. Mtu anajifunza Kiebrania halafu hajui Sukkot? Acheni utani.

#16 Mwalimu254
Alijifunza uzeeni, karamu ikiwa imepita miaka mingi. Ni sawa na kusema nilioa kwa sababu ya kitabu nilichosoma nikiwa na wajukuu.

Halafu mwenye swali yuko Canada. Hao wana hadithi yao, wengi wanaianzia kwa Martin Frobisher, baharia Mwingereza aliyefanya ibada ya shukrani kaskazini kule mwaka 1578. Serikali ilitangaza siku hiyo mwaka 1879 ikiwa Novemba, na Jumatatu ya pili ya Oktoba imewekwa rasmi mwaka 1957. Kwa hiyo huu mgongano wa Sukkot nyumbani kwa MamaWawili umesababishwa na watu wa Ottawa. Plymouth haimo kabisa.

#17 MzeeWaHoja
Na hao wa Ottawa walisoma Biblia gani?

#18 MtuWaUasinGishu
Mnajua nyie wote mngekuwa mnaulizia viza ya Eldoret sasa hivi? Mwaka 1903 Waingereza waliwapa Wayahudi ofa ya uwanda wa Uasin Gishu. Watu wanauita "mpango wa Uganda" lakini ardhi ni kwetu. Wakatuma tume kuja kuangalia, mwaka 1905 wakakataa. Sukkot ingekuwa ya mabua yetu ya mahindi na mursik, maziwa yetu ya mgando, mezani.

#19 MbaleKwetu
Nyinyi mlikataliwa, sisi tukajichukulia wenyewe. Huku Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, walianza na Semei Kakungulu karibu 1919, hakuna mzungu aliyewaleta. Wanaadhimisha Sukkot kama kawaida na hakuna jani linalopukutika, Oktoba huku ni mvua. Kwa hiyo wanaosema ni sikukuu ya majira ya kaskazini wajibu hili.

#20 FundiBomba
@MbaleKwetu jibu ni kwamba kalenda ilisafiri na kitabu. Krismasi unakula huku jua la Desemba linakuchoma, mbona hujauliza theluji iko wapi?

#21 Msahihishaji
Samahani natoka nje ya mada. Post #1 kuna "vuli". Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Canada hakuna vuli.

#22 KaskaziNaKusi
Vitabu vya shule viliandika vuli. Tuseme nini sasa?

#23 Msahihishaji
Mapukutiko.

#24 BabuWaPangani
Mapukutiko ni ya nywele zangu.

#25 KontenaGuangzhou
Nawasoma tu nikaona tarehe 6 Oktoba. Wakuu, jioni hiyo hiyo huku China ilikuwa sikukuu ya mwezi, ya katikati ya mapukutiko. Tarehe 15 ya mwezi wao, na hao wa Sukkot nao tarehe 15 ya mwezi wao. Mwezi mpevu ule ule juu ya watu wote. Mwaka huu ikaunganika na siku ya taifa lao, mapumziko siku nane kuanzia tarehe mosi, maduka ya jumla yamefungwa, kontena langu limelala bandarini. Mgongano wa sikukuu naujua kwa hasara.

#26 BintiMakunduchi
Hilo ndilo nilitaka mtu aone. Mwezi mpevu ndio mwanga wa bure wa kukesha shambani. Sina ushahidi kwamba ndiyo sababu, nasema tu.

#27 ShikaDini
Samahani dada, naomba kuuliza. Watoto ni Wayahudi au Wakristo? Maana nasikia Uyahudi unafuata mama.

#28 Talmidi_Arusha
Kwenye madhehebu ya Kiyahudi, Waorthodoksi na Wakonsavativu wanafuata mama, ndiyo. Wareform wa Marekani tangu 1983 wanamkubali na wa baba, mradi alelewe hivyo.

#29 MamaWawili
Hilo lina kikao chake cha familia, na kikao hakijaisha. Tuliache.

Nawapa ripoti ya jana. Batamzinga tumemlia kibandani, watu kumi na mmoja, wote na makoti. Nyigu walikuja kwenye asali, mtoto mdogo akawa analia na kula kwa zamu. Maboga madogo tuliyoning'iniza, kindi alikuwa ameshayatoboa usiku, mbegu zimemwagika kwenye vitambaa vya meza. Mume wangu akasema tuyaondoe, wa kiume akakataa, "naye ni mgeni."

Kizaazaa kilitokea siku ya tatu. Kuna lile tunda lao, etrogi, kama limau kubwa lenye makunyanzi, linakuja kwenye boksi limefungwa kwenye nyuzinyuzi kama yai. Kwenye ncha lina kikonyo kidogo, na kikonyo hicho ndicho uhai wake. Linashikwa pamoja na kuti changa la mtende, mihadasi mitatu na mierebi miwili, linatikiswa pande zote. Wa kike akalikamata kwa mikono yote miwili, akalinusa, tukasikia "tik". Kikonyo kiko kiganjani mwake. Hakuna aliyepumua. Zaidy akalichukua, akavaa miwani, akavua miwani. Akasema siku ya kwanza lingekuwa limeharibika, siku hizi nyingine kuna ruhusa. Kisha akanong'ona kwa Kiingereza kitu ambacho sitakiandika hapa.

#30 ShangaziMinnesota
Hapo umenikumbusha, yule wangu aling'ata kabisa.

#31 MchungajiMdogo
Na swali la mtoto ulimjibuje?

#32 MamaWawili
Nilimwambia mjomba Mwalimu anasema hapana, mzee Hoja anasema ndiyo, fundi anasema tumbo. Akasema fundi ndiye mwenye akili.

#33 FundiBomba
Huyo mtoto naomba nimlipie ada.

#34 BintiMakunduchi
Kabla hamjatawanyika, nimepiga hesabu. Mwakani Sukkot inaanza jioni ya tarehe 25 Septemba, mtapumzika, Thanksgiving itakuja sikukuu zimeisha. Lakini mwaka 2027 jiandae mapema. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni tarehe 11, na tarehe 11 hiyo ndiyo Yom Kippur.

#35 KaskaziNaKusi
Subiri. Siku ya batamzinga na siku ya kufunga ni siku moja??

#36 BabuWaPangani
Batamzinga ataishi siku moja zaidi. Mpeni salamu.

#37 MamaWawili
Mungu wangu. Nimemwonyesha mume simu, amekaa kimya dakika nzima, akasema tutakula jioni nyota zikitoka. Kwa hiyo futari ya batamzinga.

#38 BintiMakunduchi
Karibu kwetu.

#39 KaskaziNaKusi
Nafufua uzi, leo tarehe mosi Novemba. @MamaWawili Halloween ilikuwaje? Jana ilikuwa Ijumaa, si ndiyo Sabato inaingia?

#40 MamaWawili
Wewe umetumwa na mume wangu. Jua huku lilizama saa kumi na mbili na dakika chache jioni, mishumaa inawashwa kabla kidogo ya hapo, na ndiyo saa watoto wa mtaa wote wanaanza kugonga milango kuomba pipi. Majirani wengine wa Kiyahudi hawaishiki kabisa Halloween, wanasema si yao, na wana haki. Sisi tulikubaliana: mishumaa kwanza, wimbo, mkate, kisha nyumba tano tu za mtaa wetu, basi. Wa kiume alivaa etrogi. Ndiyo, etrogi. Nilimshonea gunia la kitambaa cha njano, juu nikamwekea kikonyo cha sifongo. Nyumba ya tatu kikonyo kikadondoka.

#41 MzeeWaHoja
Halloween nayo asili yake...

#42 Mwalimu254
Usianze.

#43 BabuWaPangani
Na lile tunda lililovunjika mmelitupa?

#44 MamaWawili
Halitupwi. Wengine wanapika jemu. Zaidy ana desturi ya kwao, linachomekwa karafuu mpaka lijae, Jumamosi usiku Sabato ikitoka linapitishwa watu wanuse harufu. Mama alikuwa amenitumia karafuu za Pemba kwa mtu aliyekuja Agosti. Sasa hivi wa kike yuko sakafuni juu ya ule mkeka wa kulalia, ulimi nje, anachomeka moja moja. Ameanzia pale kikonyo kilipovunjika, nadhani anaficha ushahidi. Vidole vyote vinanuka kama pilau.

#45 FundiBomba
Pilau ni lini?